Kiti cha Umeme Likoni: Bei Yake, Betri Yake na Mteremko wa Feri

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza kuhusu kiti changu cha umeme ni bei. Huniuliza kwenye foleni ya feri, huniuliza sokoni, na wengi wao ni wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo au vijana ambao mama zao wamepooza upande mmoja. Ninawajibu bila kuficha. Katika miaka ya karibuni, viti vya kukunjwa vinavyotoka China nimeviona vikiuzwa Mombasa na Nairobi kwa kati ya shilingi 80,000 na 200,000, na vile vinavyotengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja, vinavyoagizwa kutoka Ulaya na Marekani, hufikia bei ya gari dogo lililotumika. Hata hivyo simwachi mtu aondoke na tarakimu hiyo peke yake, kwa sababu bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama, na sehemu inayobaki ndiyo inayoamua kama kiti kitamfikisha mtu salama au kitamwangusha njiani.

Ninaishi Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko ng'ambo ya kivuko cha feri, kisiwani. Polio ilinipata nikiwa mtoto mdogo. Nilianza na magongo, nikaja kwenye kiti cha kusukuma kwa mikono, na kwa miaka mingi mikono hiyo ndiyo iliyokuwa miguu yangu. Kisha mabega yakaanza kuuma, kwanza usiku, baadaye mchana kutwa, mpaka kujihamisha kutoka kitini hadi kitandani kukawa kazi ya kuuma meno. Maumivu ya bega ni ya kawaida mno kwa watu waliosukuma magurudumu kwa miaka mingi, kwa kuwa kiungo hicho hakikuumbwa kubeba uzito wa mwili mzima siku baada ya siku. Kwa mtu aliyefika hapo, mota ni njia ya kuokoa nguvu kidogo iliyobaki ili aweze kuoga, kupika na kuandika.

Nasema hivi kwa sababu si kila mtu anayehitaji kiti cha magurudumu anahitaji cha umeme. Mwenye mikono yenye nguvu, anayeishi ghorofani bila lifti au anayepanda matatu kila siku, mara nyingi atafaidika zaidi na kiti chepesi cha kusukuma kilichopimwa vizuri, ambacho watu wawili wanaweza kukinyanyua pamoja naye. Kiti cha umeme chenye betri nzito za risasi huweza kupita kilo 100 hata kabla mtu hajaketi. Hakuna makanga atakayekipandisha hicho kwenye matatu, na nyumba yenye ngazi tatu mlangoni itakigeuza kuwa samani. Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, familia ikae chini na mtaalamu wa tiba ya viungo, ipime milango ya nyumba, iangalie njia ya kwenda dukani na kliniki, ndipo iamue.

Kiti hiki tangu mwanzo kilikusudiwa watu ambao mikono yao haiwezi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wengi walirudi Kanada wakiwa wamevunjika uti wa mgongo hadi shingoni, wakiwa hai kwa sababu ya dawa mpya kama penisilini, lakini wasiweze kusukuma magurudumu. Mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo akaongoza kazi ya kuunda kiti chenye mota kinachoongozwa kwa kijiti kidogo, na mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ya Marekani ikaanza kuuza viti vya namna hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu kazi ya Klein iligharamiwa na serikali, kwa imani kwamba taifa linawajibika kwa watu wake waliopoteza uwezo wa kwenda. Kwetu, mzigo huo bado umelala mabegani mwa familia na vikundi vya michango.

Sheria zetu hazisemi hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazungumzia vifaa bora vya kutembelea kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Lililo na faida ya haraka zaidi mfukoni ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo jedwali lake la tano linasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ndugu aliye Dubai, Muscat au London anayetaka kukutumia kiti aelezwe jambo hili mapema, na maombi ya msamaha yashughulikiwe kabla mzigo haujatia nanga, kwa maana kiti kinachosubiri karatasi bandarini huendelea kulipiwa ghala kila siku inayopita.

Hapa Kenya mlango wa kwanza ni kujiandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi yake. Kadi hiyo ndiyo inayokuwezesha kuomba kifaa kupitia mfuko wa maendeleo unaosimamiwa na baraza hilo, na kwa aliyeajiriwa ni hatua ya kuelekea msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Wafanyakazi wengi wenye ulemavu hawajaomba msamaha huo, ilhali kodi isiyokatwa ikiwekwa kwenye akaunti ya pembeni ndani ya sakosi inaweza kununua betri mpya bila mtu kumpigia mjomba simu. Shirika la walemavu wa viungo linalojulikana kwa kifupi kama APDK, lililoanzishwa mwaka 1958 na ambalo ndilo lenye karakana za Bombolulu hapa Mombasa, ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu vipimo na viti hata kwa mtu ambaye hatimaye atanunua kwingine.

Nimeona viti vya umeme vikija Pwani kwa njia tatu, na kila njia ina hatari yake. Kuna vinavyoletwa na wahisani ndani ya makontena, vilivyotumiwa Ulaya au Marekani na wazee ambao sasa wamefariki. Hivi ni imara kuliko vyote, vina fremu ya chuma na vikalio vizuri, lakini betri zake huwa zimekufa ndani ya kontena, na chaja iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 115. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 240 bila kusoma maandishi ya mgongoni, unaiunguza siku ya kwanza. Baadhi ya chaja zina swichi ndogo ya kuchagua volti, nyingine hujirekebisha zenyewe, na nyingine hazina lolote kati ya hayo, kwa hiyo anayepokea kiti cha msaada asome kibandiko cha chaja kabla ya kusema asante.

Kuna viti vipya vya kukunjwa, ambavyo ndivyo wengi wetu tunavyovimudu. Ni vyepesi, baadhi vikiwa na kilo 25 hivi, vinaingia nyuma ya tuktuk na betri zake za lithiamu zinachomoka. Ubaya wake ni kwamba huuzwa kama simu, kwa picha na rangi, pasipo mtu kuuliza mnunuzi ana kilo ngapi, mgongo wake unajishikilia vipi, na ngozi yake inahisi au haihisi. Mtu asiyehisi makalioni akiketishwa siku nzima juu ya kitambaa chembamba kilichotandazwa kwenye vyuma atapata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kumlaza hospitalini kwa miezi. Kwa hiyo mto wa kukalia, ule wenye povu nene lililochongwa au wa hewa, uingie kwenye bajeti siku ileile ya kwanza. Mimi ningechagua kiti cha bei ya chini kidogo chenye mto mzuri kuliko kiti cha kifahari kisicho na mto.

Na kuna vile vya kupimiwa, vyenye mgongo unaolazwa na kichwa kinachoshikiliwa. Kwa mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo, au mtu aliyeumia shingo, hicho ndicho kiti cha kweli, na hakuna kingine kinachokaribia kufaa. Familia za kawaida hazikifikii bila msaada, na ninaamini fedha za umma zingeanzia hapo.

Sasa betri, kwa sababu hapa ndipo viti vingi hufia. Viti vingi vya umeme hutumia volti 24. Vile vizito huzipata kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 za risasi zilizofungwa, za jeli au za aina iitwayo AGM. Zikichoka, fundi wa mtaani hupendekeza betri ya gari kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila kona. Tafadhali kataa. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache ili kuwasha injini, halafu ijazwe tena mara moja. Ukiitumia kusukuma mota kwa saa nzima, itakufa baada ya muda mfupi, na ile yenye maji ya asidi ikiinama kwenye mteremko humwaga asidi karibu na miguu ambayo huenda haihisi chochote. Betri za jeli zinazouzwa katika maduka ya umeme wa jua ni za jamii inayofaa, mradi ukubwa wa sanduku na kiasi cha saa za ampea, yaani uwezo wa betri kuhifadhi umeme, vilingane na kile kilichoandikwa kwenye betri za zamani, na zinunuliwe mbili kwa pamoja. Mpya ikifungwa pamoja na kuukuu, kuukuu huiharibu mpya.

Betri za risasi hupenda kujazwa kila usiku na huchukia kuachwa tupu. Mtu aliyelazwa wiki tatu na kiti chake kikabaki nyumbani bila chaji anaweza kurudi akute betri haishiki tena, kwa hiyo jirani aachiwe kazi ya kuichomeka. Betri za lithiamu zina masharti mengine: chaja iwe ileile iliyokuja nayo au inayolingana nayo kabisa, betri iliyofura au kupasuka isitumike hata kama bado inawaka, na isichajiwe karibu na mlango pekee wa kutokea wakati watu wamelala. Moto wa lithiamu huenea haraka, na mtu asiyeweza kusimama hawezi kuuruka. Mimi huchaji jioni nikiwa macho, sebuleni kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro. Stima ikikatika huchomoa, na ikirudi husubiri itulie, kwa sababu volti hupanda ghafla wakati huo. Kifaa cha kulinda dhidi ya kupanda huko huuzwa kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na chaja mpya.

Watu huogopa bili ya umeme, na hofu hiyo ningependa kuiondoa. Betri ya volti 24 yenye saa 20 za ampea hubeba wati-saa 480, yaani karibu nusu yuniti. Hata ukiongeza umeme unaopotea kama joto kwenye chaja, kuijaza kutoka tupu hadi juu hakufikii thamani ya yuniti moja ya tokeni. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi sokoni ni ghali zaidi. Gharama halisi ni betri yenyewe, ambayo kwa matumizi ya kila siku huanza kuchoka baada ya mwaka mmoja au miwili ikiwa ni ya risasi. Ndiyo maana ninazisihi kamati za harambee zisifunge hesabu siku kiti kinaponunuliwa. Ziendelee kidogo, ziweke akiba ya betri ya pili, na jina la anayeishika akiba hiyo lijulikane.

Watengenezaji huandika kwamba kiti kitakwenda kilomita 15 au 20 kwa chaji moja. Tarakimu hizo hutokana na uwanja ulio sawa na betri mpya. Mchanga wa Likoni, vilima, uzito wa mizigo na umri wa betri hupunguza masafa hayo sana, nami hugeuza kurudi nyumbani kabla kipimo hakijafika nusu.

Upande wa usalama, jambo linalohitaji kueleweka na kila mtu nyumbani, pamoja na watoto wakubwa, ni breki. Kiti cha umeme hakina breki ya mkono ya kawaida ya kukisimamisha kikiwa mwendoni. Ukiachilia kijiti, mota hupunguza mwendo, kisha breki za sumaku hujifunga zenyewe, na hujifunga hata umeme ukiisha ghafla. Hilo ni jema, maana betri ikikata kwenye mteremko kiti husimama badala ya kuteleza. Lakini kwenye kila mota kuna kipini kidogo cha kuitenga na gurudumu ili kiti kiweze kusukumwa kwa mikono. Kipini hicho kikifunguliwa, breki hakuna. Msaidizi mwenye moyo mwema anayekifungua kwenye mteremko ili "asaidie kusukuma" amekifanya kiti kuwa mkokoteni wenye mtu ndani. Kifunguliwe mahali tambarare tu, mtu akiwa ameshika vishikio barabara, na kifungwe kabla ya kuachia.

Kivukoni Likoni somo hili si la karatasi. Njia ya kushukia feri huenda chini mpaka majini, na urefu wake pamoja na ukali wa sehemu ya mwisho hutegemea bahari. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hukaribia mita 4, kwa hiyo njia ileile iliyokuwa ya upole inaweza kuwa kali saa chache baadaye. Rampu ya jengo iliyojengwa vizuri huwa na uwiano wa 1 kwa 12, yaani nyuzi karibu 5, na viti vingi vya kawaida huruhusiwa na watengenezaji wake kupanda nyuzi 6 hadi 10 tu. Maji yakipwa sana, mimi husubiri. Heri kuchelewa kazini kuliko kujaribu mota mahali ambapo nyuma yangu kuna watu mamia kadhaa, mikokoteni ya maji na malori.

Ninaposhuka, mkanda huwa umefungwa, mwendo umewekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, mgongo umeegemea nyuma, na ninakwenda moja kwa moja bila kukata kona. Kugeuka katikati ya mteremko huhamishia uzito upande mmoja, na hapo ndipo kiti hupinduka ubavu. Ninapopanda huinamia mbele, na vile vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyozuia kiti kisipinduke kichalichali haviondolewi kamwe, hata kama hukwaruza ardhi na kumuudhi fundi. Bamba la chuma linalounganisha feri na nchi kavu huwa limelowa na lina ukingo, kwa hiyo huliendea magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa sambamba. Huwaomba wahudumu wanipitishe kabla umati haujaachiliwa, na mara nyingi hukubali. Ndani ya feri huzima kiti kabisa, kwa sababu kiwiko cha abiria au kamba ya kikapu ikigusa kijiti huku kiti kikiwa kimewashwa, kiti huondoka.

Watu wa Pwani ni wakarimu, na ukarimu wao wakati mwingine huja kwa mikono kabla ya maneno. "Dada, tulia, nakusaidia," mtu atasema akiwa tayari ameshika kijiti. Nimejifunza kumjibu mapema na kwa upole: "Ahsante kaka, nitembelee ubavuni, uniangalizie watu nyuma." Kazi hiyo inanifaa kweli, naye haondoki akiona amekataliwa.

Barabarani mambo ni mengi lakini nitayapitia kwa haraka. Matofali ya kabro hutikisa kiti mpaka skrubu hulegea, hivyo zikazwe mara kwa mara. Mitaro isiyofunikwa ni hatari kuu usiku, na taa ya mbele pamoja na vibandiko vinavyoakisi mwanga nyuma ni vya lazima, kwa kuwa dereva wa bodaboda humtafuta mtu kwa kimo cha aliyesimama, si cha aliyeketi. Wakati wa masika, kifuniko kisichopitisha maji juu ya kijiti na kutokupita kwenye madimbwi huokoa mfumo wa umeme. Hewa ya chumvi hutia kutu ya kijani kwenye vichwa vya nyaya. Vikifutwa na kupakwa mafuta ya mgando kidogo hudumu. Kabla ya kuhamia kitandani au kwenye tuktuk, zima kiti, kunja vikanyagio, na usisimamie kikanyagio hata kwa mguu mmoja, maana kiti kizima kinaweza kukuinukia.

Kuhusu mafundi, nina matumaini kuliko zamani. Chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT pale Moshi, kilichoanza mwaka 1981, kimefundisha watu wa nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wamesomea viti vya magurudumu hasa. Pikipiki za umeme nazo zimeleta Nairobi na Mombasa vijana wanaozielewa mota na betri za lithiamu. Fundi wa pikipiki anaweza kubadilisha beringi, tairi na brashi za kaboni za mota vizuri kabisa. Kisanduku cha kuongozea, kile chenye kijiti, asikifungue, na asijenge upya betri ya lithiamu kwa seli za kuokoteza bila mfumo wa ulinzi unaolingana nazo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na kwamba katika nchi nyingi ni wachache tu wanaokipata. Mwongozo wake wa 2008 kuhusu viti vya kusukuma ulitaja hatua 8 za kumpatia mtu kiti, ambapo ya saba ni kumfundisha mtumiaji na ya nane ni ufuatiliaji na matengenezo. Kwa kiti chenye mota, hatua hizo mbili zina uzito hata zaidi. Sherehe nyingi za kugawa viti ambazo nimehudhuria huishia kwenye picha, na picha hupigwa kati ya hatua ya sita na ya saba. Kwa hiyo ninaomba kila kaunti, kila mbunge na kila kikundi cha wahisani kinachoandaa ugawaji kiweke katika karatasi za maombi maswali matatu, na kisikabidhi kiti cha umeme mpaka yote yamejibiwa kwa jina na namba ya simu: ni nani atakayemfundisha mtu huyu kukiendesha kwenye mteremko wa karibu na nyumbani kwake, fundi wake ni nani, na betri ya pili italipiwa na nani.